Siku saba Jáchymov: maji ya radoni, kiuno changu na reale ya bibi

Nianze na kiuno, maana ndicho kilichonipeleka. Miaka minane nahudumia wazee hapa Leipzig, kuinua huyu na kulaza yule, mpaka mwaka huu mgongo ukaanza kudai haki yake. Mzee mmoja ninayemhudumia akaniambia: nenda Jáchymov, huko Ucheki, ukaoge maji yenye mionzi. Nikadhani ananitania.

Jáchymov ni kimji cha watu wasiofika elfu tatu, kwenye milima ya Krušné hory, karibu na mpaka wa Ujerumani. Treni haifiki tena. Nilishuka Karlovy Vary nikapanda basi, kama kilomita 20. Mji ni barabara ndefu iliyobanwa bondeni. Chini kuna majumba ya tiba, likiwemo Radium Palace, hoteli nyeupe kama kasri iliyofunguliwa 1912. Juu ndio mji wa kale. Na hapo ndipo nilipoumizwa: nyumba ya wageni niliyokodi ilijitangaza kuwa "hatua chache kutoka bafu la tiba". Hatua za nani, za twiga? Kila siku nilipanda mlima na kiuno changu hicho hicho, na usiku saa nne walizima joto la chumba. Mkikodi, msitazame umbali peke yake, tazameni na mwinuko.

Tiba yenyewe sina malalamiko. Kwanza unaonana na daktari, si mahali pa kuingia tu na taulo begani. Wajawazito, watoto na wenye saratani hawaogeshwi. Wanaokuja ni wenye baridi yabisi, jongo na maumivu ya uti wa mgongo. Maji yanapampiwa kutoka mgodi wa Svornost, kiasi cha mita 500 chini ya ardhi. Hayana rangi, harufu wala ladha. Vuguvugu lake ni lile la maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mhudumu, mama wa makamo, hakujua Kijerumani wala mimi Kicheki, akanifundisha kwa mikono: lala, tulia, usichezeshe maji. Radoni ni gesi yenye mionzi iliyomo majini, ukiyavuruga inapaa na dawa umeimwaga mwenyewe. Dakika 20 nimelala kama gogo, nasikiliza saa ya kengele ya jikoni ikigonga kwenye kiti. Kisha akanizungushia shuka jeupe, nikalazwa kitandani nipumzike. Nilijiona nimeshavishwa sanda, imebaki kuswaliwa.

Mtu akiuliza, "Mionzi si ndiyo inayoua?" jibu ni kwamba imeua, tena hapo hapo. Wachimbaji wa milima hii walikufa kwa karne nyingi kwa ugonjwa wa mapafu ambao baadaye ulijulikana kuwa ni saratani, na radoni waliyoivuta mgodini ndiyo iliyokuwa mkosaji mkubwa. Tofauti wanayokueleza ni kipimo: wao walivuta miaka na miaka, wewe unapata kidogo, na sehemu kubwa inatoka mwilini baada ya saa chache. Mimi nilikubali. Asiyekubali simlaumu.

Migodi hiyo haikuanza na urani, madini yenye mionzi. Mji ulianzishwa 1516 baada ya kuonekana madini ya fedha, na kufikia miaka ya 1530 ulikuwa wa pili kwa watu katika Bohemia yote, nchi ya kale ya Wacheki, nyuma ya Praha tu. Fedha ilipopungua, wakabaki na jiwe jeusi zito wasilolipenda, nalo ndilo lenye urani. Mabaki ya jiwe hilo ndiyo mwanasayansi Marie Curie na mumewe Pierre waliyoyachambua Paris, na 1898 wakatangaza elementi mbili mpya zenye mionzi, poloniamu na radiamu. Marie mwenyewe alikuja kuuona mji 1925. Chemchemi moja ina jina lake, nyingine ina jina la Běhounek, mwanafunzi wake Mcheki.

Siku ya nne mvua ilinyesha, nikaingia Štola č. 1, handaki la mgodi lililofunguliwa kwa wageni. Utawala wa kikomunisti uliposhika nchi 1948, maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliletwa huku kuchimba urani ya kupelekwa Urusi ya Kisovieti. Wacheki wanapaita jehanamu ya Jáchymov. Kambi ya Svornost ilikuwa na ngazi ndefu ya kushukia mgodini. Wafungwa walipangwa wakabanana, wakafungwa kamba moja kuwazunguka wote, wakashushwa na kupandishwa hivyo. Jioni niliporudi kwenye beseni nikakumbuka kwamba maji haya yanatoka shimo lile lile. Dakika 20 za siku hiyo zilikuwa ndefu.

Nilichokipenda kuliko vyote ni jumba la zamani la kufulia sarafu, sasa makumbusho. Kwa Kijerumani mji uliitwa Sankt Joachimsthal, Bonde la Mtakatifu Yoakimu, na mabwana wa familia ya Schlick walifua hapa sarafu kubwa za fedha zilizoitwa Joachimsthaler. Jina refu, watu wakalikata: thaler. Likatembea likawa dollar, na kwetu dola, ya pesa, si ile ya serikali. Nikacheka peke yangu. Marehemu bibi yangu kule Unguja alikuwa na reale moja kwenye kijaluba chake, ile sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyokuwa pesa ya soko lote la pwani. Haikufuliwa Jáchymov, lakini ni thaler vile vile. Nikamwonyesha mlinzi wa makumbusho picha yake kwenye simu. Akaweka kidole kwenye mwaka, 1780, akatikisa kichwa: hata zilizofuliwa baada ya malkia kufa zinaandikwa mwaka huo huo.

Kiuno je? Niliondoka nikiinama kufunga viatu bila kushika ukuta. Ni radoni, au ni wiki nzima bila kuinua mtu, siwezi kuapa. Siku saba ni chache, wenyeji wanakaa wiki tatu. Nitarudi Mei, safari hii nalala huku chini bondeni.