Kamati ya Bunge au Kamishna wa Wanajeshi?

Uingereza huchunguza mishahara, uandikishaji na kuondoka kwa wanajeshi kupitia Kamati ya Ulinzi ya Bunge, iliyoundwa mwaka 1979, ilhali Ujerumani, pamoja na kamati yake, ina Kamishna wa Bunge wa Majeshi anayechaguliwa na Bundestag, yaani bunge la nchi hiyo, kwa miaka 5.

Katika masuala ya fedha na sera, kamati ina nguvu zaidi, kwa kuwa humhoji waziri hadharani na kupima iwapo bajeti inalingana na ahadi za kuongeza askari.

Katika kujua kwa nini askari huacha kazi, kamishna yuko mbele sana. Askari yeyote anaweza kumwandikia moja kwa moja bila kupitia kwa wakuu wake, na hapo ndipo hujitokeza habari za makazi mabovu, uhamisho wa ghafla na familia zilizochoka, mambo ambayo nyongeza ya mshahara peke yake haiyatibu. Hata hivyo, ofisi yake inahitaji watumishi wa kudumu, na, sawa na kamati, hupendekeza tu, haiamuru.

Bunge lisiloona hesabu za jeshi lianze na kamati imara. Palipo na hesabu wazi lakini askari wanaogopa kulalamika, kamishna anahitajika zaidi.