Valvu ya kukata hewa kwenye injini ya mashine: nimeifunga Kibaigwa, nawaambia ilivyo

Tuanze na bei, maana najua ndiyo mnayoitaka kwanza. Shilingi laki tatu na sitini kwa valvu iliyotumika, na kama laki moja juu yake kwa mabomba, klipu, kebo na mkono wa fundi. Kazi yake ni kuziba njia ya hewa ili injini izime kwa dharura. Iko kwenye injini ya dizeli ya lori la Mitsubishi Canter, 4D32, inayozungusha kinu changu cha kusaga na mashine ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, mkoani Dodoma. Naipa alama nzuri. Ila si kila valvu ya aina hii inafaa kwa kazi zetu, na wako wenye injini ambao sitawashauri hata wapoteze nauli kwenda kuiulizia.

Wanaume wa sokoni walinicheka. Mama, ufunguo upo, waya wa kuzimia upo, sasa unatoa karibu laki tano uzime injini mara ya ngapi?

Jibu langu ni hili. Injini ya petroli ukiikatia umeme wa plagi imekwisha. Dizeli haina plagi ya cheche. Inajiwasha kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo kuizima ni kuinyima mafuta, na siku zote unaizima hivyo bila shida. Lakini injini haiulizi mafuta yametoka wapi. Ringi zikichakaa, oili inapanda juu ya pistoni. Sili ya turbo ikikatika, oili inaingia moja kwa moja kwenye manifodi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Fundi akijaza oili kupita alama, au kijana akijaza kupita kiasi lile bakuli la filta ya hewa ya oili ambalo huku tunalipenda kwa sababu ya vumbi, injini inaanza kula oili na kuifanya ndiyo dizeli yake. Gavana, kile kidhibiti cha mzunguko, haiwezi kuisaidia, maana inatawala pampu ya mafuta tu, na pampu wakati huo haina kazi. Mzunguko unapanda. Ukipanda unavuta oili zaidi, na oili zaidi inaupandisha tena. Mafundi wa hapa wanasema injini imepagawa.

Niliona ya jirani ikipagawa msimu wa alizeti, na ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza maswali. Kijana wake alifanya kila alichofundishwa: alizungusha ufunguo, akavuta waya wa kuzimia, akakimbilia koki ya tanki akaifunga. Injini haikupungua hata kidogo. Kibanda kikajaa moshi mzito, mkanda ukaruka, akina mama wakatoka mbio wakaacha ndoo zao za mahindi. Mwisho konrodi, mkono unaoshika pistoni, ikatoboa ubavu wa bloku na ndipo pakawa kimya. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini ile injini iliuzwa kwa kilo. Na yangu wakati ule ilikuwa tayari inapumua oili kwenye briza, lile bomba la kutolea mvuke wa ndani ya injini.

Sasa, kabla ya hewa, niseme kidogo kuhusu vizimio vya mafuta, kwa sababu wauzaji wengi ukiwaambia unataka valvu ya kuzimia wanakuletea solenoidi, kizimio cha sumaku ya umeme kinachofunga mafuta. Hiyo ni kitu kingine. Solenoidi ziko za namna mbili na inafaa ujue uliyo nayo ni ipi. Kuna inayohitaji umeme ili injini iendelee kufanya kazi, kama ile ndogo iliyosimama juu ya pampu ya mafuta ya Bosch VE: umeme ukikatika, springi inasukuma kipini chini, mafuta yanafungwa. Halafu kuna ile inayohitaji umeme ili izime. Kwa mashine ya kusaga nachagua ya kwanza bila kufikiri mara mbili. Waya ukikatika kwa panya au kwa mtikisiko, injini inazima, unapoteza debe moja la mteja na maneno yake. Ile ya pili waya ukikatika, umebaki na injini isiyozimika, na hujui mpaka jioni unapotaka kufunga.

Wale wenye Land Cruiser za zamani, za injini B na H, wana kitu cha aina yake: kimota kinaitwa EDIC kinachosukuma mkono wa pampu mbele na nyuma. Kikiwa kizima ni raha. Kikianza kuzeeka unamwona mwenye gari amefungua boneti sokoni anauvuta ule mkono kwa kidole.

Jambo moja zaidi la solenoidi kubwa, zile za fimbo zinazovuta mkono wa pampu kutoka nje. Nyingi zina koili mbili ndani, moja ya kuvuta na moja ya kushikilia. Ya kuvuta inakula umeme mwingi na imetengenezwa kufanya kazi kwa muda mfupi sana. Fimbo isipofika mwisho wake, kwa sababu fundi ameifunga kwa kupinda au urefu haukupimwa, ile koili haikatiwi umeme, inaungua. Watu wanabadilisha solenoidi baada ya solenoidi wakilaumu spea ya Kichina, kumbe shida ni nati mbili za kurekebisha urefu.

Pampu yangu mimi ni ya mstari, ina mkono wa kuzimia unaovutwa kwa kebo. Hauna umeme wala koili. Sina malalamiko nayo na ndiyo ninayoitumia kila jioni.

Haya, hewa. Injini yangu ni ya lita 3.6 hivi. Kwa mzunguko wa 1,500 kwa dakika inavuta hewa karibu lita 2,500 kila dakika, na ikipagawa inavuta mara mbili au zaidi. Ukiinyima hiyo hewa inakufa, iwe inakula dizeli au oili, haina ujanja. Wazo lenyewe si geni. Fundi wangu, mzee aliyeshika spana tangu ujana, aliniambia injini za Kimarekani za Detroit Diesel za mipigo miwili, zile za mfululizo wa 71 ambazo zilianza kutoka mwaka 1938, zilikuwa na mlango wa dharura kwenye njia ya hewa kabla ya bloa, ile feni ya kusukumia hewa ndani, kwa sababu ya tabia hii hii.

Mjini Dodoma nilioneshwa za aina tatu.

Ya kwanza ni ya kipepeo: sahani ya duara kwenye shafti, ukivuta inageuka na kuziba bomba. Ni fupi, nyepesi, na ndiyo ya bei nafuu. Muuzaji aliisifu sana. Nikaifunga kwa mkono pale pale kaunta, nikaiangalia dhidi ya mwanga wa mlangoni, nikaona duara jembamba la jua kuizunguka sahani. Nikamwambia kaka, hii inapitisha. Akasema mama, hiyo ni hewa kidogo tu. Kidogo hicho kinaweza kuiacha injini ikichechemea na kutoa moshi badala ya kufa. Ikiwa mpya na ya kiwanda kizuri inaziba vizuri, sibishi. Lakini ya mtumba iliyolika kando, hapana. Na ile shafti inakaa katikati ya njia ya hewa siku zote, hata siku ambazo huna shida na mtu.

Ya pili ni ya mlango wa kuteleza, kama panga linaloshuka. Ndiyo niliyochukua. Mlango unashikiliwa juu na kitasa, nyuma yake kuna springi yenye nguvu. Ukivuta kebo, kitasa kinaachia, springi inaupiga mlango chini. Kinachonifurahisha ni kwamba mvuto wa injini yenyewe unaukandamiza mlango kwenye kikalio chake, kwa hiyo injini inavyozidi kuvuta ndivyo unavyoziba zaidi. Bomba langu lina upana wa sentimita 7. Piga hesabu ya mgandamizo wa hewa juu ya eneo hilo, unakuta mlango unaweza kusukumwa kwa nguvu inayokaribia kilo 40. Mtu hawezi kuufungua kwa papara injini ikiwa bado inazunguka, na hilo ni jambo jema, kwa sababu kufungua mapema ni kuirudishia pumzi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya nimkemee kijana yeyote anayesema atazima kwa kiganja au kwa tambara. Tambara linamezwa, na kiganja kinabaki pale.

Ya tatu ni ya kujifunga yenyewe. Kuna inayosoma mzunguko kwa sensa kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ukipita kiwango ulichoweka inafunga. Kuna nyingine inayohisi kasi ya hewa inayopita, springi yake unairekebisha kulingana na injini. Kwa jenereta linalofanya kazi usiku bila mtu, au pampu ya kumwagilia zabibu huko shambani ambako mlinzi amelala, ningeitafuta hiyo. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya yangu, na mashine ya kusaga haikosi mtu. Nikapita.

Kufunga ndiko kulikotofautisha fundi na fundi. Wa kwanza niliyemwita, wa mjini, alitaka kuiweka karibu na filta kwa sababu pana nafasi, na kati ya valvu na manifodi aache mpira laini uliokuwepo. Nikamuuliza, na briza je? Briza ya injini yangu inaingia kwenye bomba la hewa karibu na manifodi. Ukiiacha pale, umefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi: injini itaendelea kuvuta hewa na mvuke wa oili kutoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Akasema haina neno. Nikamlipa nauli yake akaenda zake.

Mzee wangu alipokuja alifanya kinyume. Valvu akaisogeza karibu kabisa na manifodi. Kati yake na injini akaweka bomba la chuma na vipande vifupi vya mpira mgumu wenye waya ndani, maana mpira laini ukipata ule mvuto unajikunja, unachomoka au unapasuka, na ukipasuka umeirudishia injini hewa. Briza akaitoa kabisa kwenye njia ya hewa na kuipeleka nje kwenye chupa. Kishikio cha kebo hakukiweka pembeni ya injini. Alikipitisha ukutani mpaka nje ya mlango wa kibanda, akakipaka rangi nyekundu. Siku ya kupagawa hakuna anayetaka kusimama karibu na flaiwili.

Tulijaribu ikiwa kwenye mzunguko wa chini. Vuta, pakasikika mlio mmoja wa chuma, injini ikatikisika, ikafa kabla sijamaliza kupumua. Hakuna haja ya kujaribu ikiwa kwenye kasi kubwa, unaitesa bure.

Malalamiko yangu sasa. Valvu hii haikutengenezwa kwa ajili ya Kibaigwa. Kuanzia Julai upepo wetu unajulikana, na ndani ya kibanda kuna vumbi la pumba juu yake. Vikichanganyika na oili kidogo vinaganda kwenye mfereji ambamo mlango unateleza. Wiki nikiwa na kazi nyingi nikaacha kuigusa, mlango unashuka kwa uvivu. Kwa hiyo kila Jumapili injini ikiwa imezima kijana anaivuta, anaifuta kwa kitambaa na dizeli, anairudisha. Usipake grisi, inashika vumbi. Sili ya mpira nayo haipatikani Dodoma. Nimeagiza ya akiba Dar es Salaam ikaja kwa basi. Kebo iliyokuja nayo ilikuwa takataka, nimeweka ya breki ya pikipiki.

Na msizime nayo kila siku. Nimeona mtu anafanya hivyo kwa kuringa. Ukikata hewa injini ikiwa inazunguka, ule mvuto unanyonya oili kupitia ringi na gaidi za valvu (vile vibomba ambamo valvu za injini zinateleza), ndiyo unajitengenezea ugonjwa ule ule. Kila siku zima kwa mafuta. Kishikio chekundu ni cha dharura, na kikivutwa kwa dharura usirudishe mlango mpaka injini imesimama na kupoa na umejua oili ilipita wapi.

Wenye injini za Kichina za silinda moja zinazomwagiwa maji ya kupoza, S195 na ndugu zake, kaeni na hela zenu. Mna kile kishikio cha kuachia kompresheni, kinatosha kuiua, ila nacho msikifanye cha kila jioni. Koki ya tanki, kwa mwenye dizeli yoyote, si kizimio: mafuta yaliyoko kwenye filta na mabomba yanatosha kuendelea kwa muda mzuri, na yakiisha pampu imevuta hewa, asubuhi mnakaa na spana kuitoa.

Ukienda kununua, beba tochi na rula. Pima kipenyo cha ndani cha bomba lako kwanza, usikubali nyembamba zaidi kwa sababu injini itakosa pumzi ukiitwika alizeti. Funga mlango, washa tochi upande wa pili, zima taa za duka kama mwenye duka anakubali. Ukiona mwanga, iache hapo hapo. Kisha ifungue na kuifunga mara kadhaa ukiwa umeipindua juu chini, na usikilize kama kitasa kinashika kila mara. Yangu ilishika. Ya jirani yake kwenye rafu, ya bei ile ile, ilijifyatua yenyewe nilipoitikisa, na hiyo ingekuwa inanizimia kinu kila gunia.