Klaudi ipi ununue ikae vizuri na programu ya kupanga picha: nimezipanga kwa sisi wa Kigoma

Wadau wa picha na video, hili swali naulizwa sana hapa Mwanga, na jamaa wa Kasulu na Tabora nao wananipigia. Mtu ana picha elfu arobaini kwenye hard disk tatu, anataka kununua nafasi ya klaudi (sehemu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni), na anataka programu ya kuzipanga, sasa achukue ipi na ipi. Mi nasema usinunue moja bila kuiangalia nyingine. Klaudi inabeba mafaili, programu ya kupanga inabeba habari zake, yaani nani yumo, sherehe ya nani, lini, nani karuhusu itumike. Kama haviongei utalipia terabaiti nzima halafu siku ukitafutwa picha moja unafungua folda moja moja mpaka usiku.

Kuna dada alikuja studio, baba yake amefariki, akasema mzee alikuwepo kwenye sendofu ya binamu yake Ujiji ila mwaka haukumbuki. Nikaandika jina la ukoo na neno sendofu, zikatoka picha kumi na moja, ya sita ndo mzee, kanzu na koti la kijivu, sahani ya pilau mkononi, anacheka. Dada aliigusa skrini kwa kidole, hakusema kitu muda mrefu. Sasa elewa, diski ya mwanzo ya ile kazi ilishakufa zamani, tulizishusha upya toka klaudi na lebo, yaani yale majina na maneno tuliyoziandikia, zikarudi nazo kwa sababu zilikuwa zimeandikwa ndani ya mafaili yenyewe. Ndo maana nalisema hili kila siku.

Kwa hiyo cha kwanza kukiangalia ni lebo inakaa wapi. Programu nyingi zinaziweka kwenye katalogi yao, yaani daftari la ndani la programu, na ukihamisha picha lebo zinabaki huko. Unatakiwa uingie kwenye mipangilio uwashe ziandikwe kwenye faili, kwa utaratibu wa IPTC au XMP (viwango vya kuandika habari za picha) ambao programu zote za maana zinausoma. Kwa faili za RAW, yaani picha ghafi za kamera, kawaida inaandika kijifaili kidogo cha XMP pembeni, na hicho ni cha kilobaiti chache tu, kwa hiyo ukirekebisha jina la bibi harusi kinapanda hicho kidogo, sio picha nzima ya MB 25.

Cha pili ni bando na mtandao kukatika. Piga hesabu mwenyewe, harusi ya picha 1,200 za RAW za MB 25 ni GB 30, na kama kasi yako ya kupandisha ni megabiti 4 kwa sekunde inachukua karibu saa 17 bila kukatika hata mara moja, na wewe unaujua umeme wetu. Klaudi inayoanza upya faili zima kila ikikatika, hasa faili kubwa za video, itakula hela yako yote.

Namba moja kwangu: digiKam (programu ya kupanga) pamoja na Dropbox (klaudi), kwa studio ya watu wawili mpaka watano wanaokaa chumba kimoja. digiKam ni ya bure kabisa, inaenda kwenye Windows na Linux, inatambua sura, inaandika lebo kwenye faili. Dropbox ya bure ni GB 2 tu, haifai, chukua ya Plus yenye terabaiti 2. Sababu yangu ya kuiweka juu ni mbili. Dropbox inakatakata faili vipande vya MB 4, ikikatika inaendelea na vilivyobaki. Halafu kompyuta mbili kwenye ruta moja zinapeana faili moja kwa moja humo ndani, hazishushi tena kutoka intaneti, yaani picha inapanda mara moja, mwenzako wa meza ya pili anaipata bila kugusa bando, na kwa sisi huku hilo peke yake linatosha kuilipia. Ubaya ni kwamba folda mnayoshirikiana inahesabiwa kwenye nafasi ya kila mmoja, kwa hiyo mwenye akaunti ya bure hawezi kuingia kwenye folda kubwa, mtumie linki tu.

Namba mbili: Microsoft 365 Family (klaudi yake ni OneDrive) na Adobe Bridge (ya kupanga). Bridge inatumika bure hata kama hulipii programu zingine za Adobe, unahitaji akaunti tu. Kifurushi cha Family ni watu mpaka sita, kila mmoja terabaiti yake ya OneDrive, na Word na Excel humohumo, kwa hiyo wapigapicha wa kujitegemea wakichanga inakuwa rahisi sana. OneDrive nayo inapandisha sehemu iliyobadilika tu. Naiweka ya pili kwa sababu nafasi imegawanyika, terabaiti sita ila hakuna mtu mwenye sita.

Namba tatu: Google Drive na programu yoyote kati ya hizo mbili. Kwa kukabidhi kazi kwa mteja naiweka ya kwanza bila ubishi, karibu kila mwenye simu ya Android ana Gmail tayari, linki inafunguka bila maelezo. GB 15 za bure ila ni pamoja na barua pepe na Google Photos. Hapa sikiliza vizuri maana watu wameliwa bando: ukiiweka kwenye kompyuta kuna mahali pa kuchagua kama mafaili yakae mtandaoni yashuke yakihitajika, au yakae kwako pia. Ukichagua yakae mtandaoni halafu ukaiambia digiKam isome folda zote, itafungua kila picha kutengeneza vipicha vidogo, na kila ikifungua inashusha. Asubuhi unaamka bando sifuri. Chagua yakae kwako.

Taasisi ni habari nyingine. Hospitali, dayosisi, halmashauri, mashirika yanayofanya kazi na wakimbizi kule Nyarugusu, hao nawashauri ResourceSpace kwenye seva yao, programu huria ya kupanga picha iliyoanza mwaka 2006 kwa ajili ya Oxfam, na Nextcloud pembeni kwa kugawana mafaili. Unaweka nani aone nini, na ruhusa ya mtu aliyepigwa picha inaisha lini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kufanya kazi Mei 2023, na sura ya mtoto mkimbizi sio ya kuachwa kwenye linki inayofunguliwa na yeyote. Ila lazima uwe na fundi wa kudumu na UPS nzuri, bila hivyo usianze.

Canto, Bynder na wenzao, yaani huduma za kulipia za kupanga picha mtandaoni, ni wazuri kweli, ila bei unaomba makadirio na ni ya makampuni makubwa. Kama makao makuu yenu Nairobi au Geneva ndo yanalipa, chukueni.

WhatsApp siiweki kwenye orodha. Picha ikipita pale kawaida inabanwa na lebo zinafutwa, kama lazima basi tuma kama dokumenti.

Kosa moja nililifanya mwenyewe na liliniuma. Niliweka katalogi yenyewe, sio picha, kwenye folda inayosinki (inayojipandisha klaudi yenyewe), mi na kijana wangu tukaifungua kompyuta mbili kwa pamoja. Zikazaliwa katalogi mbili zinazopingana, lebo za miezi mitatu zikapotea. Katalogi ikae kwenye diski ya kompyuta moja, nakala yake ndo ipande klaudi jioni ukishafunga programu.

Kabla hujatoa hela fanya hivi: chukua picha ishirini, tano ziwekee lebo, pandisha, katikati chomoa ruta dakika kumi, rudisha. Zikimaliza zishushe kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuziona, fungua programu ya kupanga, tafuta ile lebo. Zikitoka tano, lipia mwezi mmoja kwanza, wa mwaka utakuja baada ya harusi mbili tatu kupita humo.