Waya wa banda la kuku: angalia shubiri ya chini kabla hujalipa

Matuta manne ya chinese na mawili ya mchicha yaliisha asubuhi moja ya Agosti. Aliyelima bustani Dodoma anajua Agosti ni mwezi gani: mvua ilikatika Aprili, upepo unakausha udongo ukiwa bado mbichi, na siku za mgao mboga zinaishi kwa maji ya madumu. Kila jani lililoliwa siku ile nilikuwa nimelinunulia maji.

Nilidhani kuku wameruka. Nikawakata manyoya marefu ya bawa moja, na kesho yake wakatoka vilevile. Nilipopiga magoti ndipo nikaona njia yao. Waya niliokuwa nimeununua mwaka mmoja na miezi miwili tu nyuma ulikuwa umeoza shubiri moja kutoka ardhini, mzunguko mzima. Juu ya hapo ulikuwa unang'aa kama umetoka dukani jana.

Kwa hiyo urefu wa uzio sitauzungumzia. Kila fundi atakuambia kuku wa kienyeji ni mwepesi na anaruka juu kuliko kuku chotara aina ya Sasso, na hilo ni kweli. Ila usiweke ubao juu ya waya, maana kuku akiona pa kutua, hurukia pale kwanza kisha ng'ambo. Shida yangu ni chini, ambako wauzaji hawakuambii kitu.

Kuku hupenda kuchakura na kujigaragaza vumbini palepale penye ukingo wa uzio. Udongo unashuka, mbolea inajikusanya, maji ya kunywa yanamwagika. Mbolea mbichi yenye unyevu inakula zinki, ile ngozi inayokinga waya, na zinki ikiisha kutu haichelewi. Waya wa kuku tuliouzoea, ule wa matundu ya pembe sita, umesokotwa: uzi mmoja ukikatika, jirani zake wanalegea na tundu linakuwa mlango. Waya wa matundu ya mraba umechomelewa kila nyuzi zinapokutana, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika tundu linabaki kuwa la uzi mmoja.

Lakini hata huo wa mraba una aina mbili, na hapa ndipo naomba uangalie kwa macho yako. Upo uliopakwa zinki kwanza ukachomelewa baadaye. Moto umeunguza zinki kwenye maungio, utaona alama nyeusi au kahawia, na kutu itaanzia hapo. Upo uliochomelewa kwanza kisha ukachovywa kwenye zinki mzima mzima. Huu maungio yake yamefunikwa, na mara nyingi utakuta matone ya zinki yamegandia pembeni mwa matundu. Huo wa matone ndio wa kununua, hata ukionekana wa hovyo kuliko mwenzake.

Namba moja kwangu, basi, ni waya wa mraba uliochovywa, matundu ya nusu inchi kama una vifaranga, ukikaa juu ya mstari mmoja wa tofali ili usiguse udongo kabisa. Kwa kujengea tofali natumia saruji ya Twiga na sibadilishi. Wapo wanaosema saruji ni saruji. Mimi nimejengea Twiga ngazi, karo na uzio huu, na hakuna kilichomeguka. Mfuko wa daraja la nguvu la 32.5 unatosha.

Namba mbili ni wa pembe sita kama mfuko hauruhusu. Ununue mpana zaidi ya urefu unaotaka, ukunje sentimita 30 za chini zilale ardhini kwa upande wa ndani, kisha uzifunike kwa mawe. Nasema ndani kwa sababu mafundi wengi hukunjia nje, na hiyo ni kinga ya kicheche anayetaka kuingia. Kuku wako anachimbia ndani. Kumbuka pia geji, yaani namba ya unene wa waya, inakwenda kinyume: 22 ni nyembamba kuliko 20. Wengi tumeuziwa namba kubwa tukidhani ni uimara.

Neti ya kivuli na nyavu chakavu za uvuvi zinafaa kufunika juu dhidi ya mwewe, basi. Miiba ya migunga inazuia mbuzi, kuku hupita katikati yake.

Sasa bei. Uliza maduka matatu upate bei tatu, na kila mmoja atakuambia mzigo umetoka Dar na lori ni ghali. Sawa, nauli naielewa. Nisichokielewa ni roli lisilo na lebo, halina geji, halina jina la kiwanda, na muuzaji anakasirika ukimuuliza. Lile langu niliuziwa kuwa la mita 30. Nilipolitandaza nyumbani lilikuwa mita 26 na nusu. Niliporudi nikaambiwa, "Mama, hayo yanakuja hivyohivyo kutoka kiwandani." Mita tatu na nusu ni upande mzima wa banda langu, na nililipia.

Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kusimamia vipimo vya biashara, na malalamiko wanayapokea. Ila ukishaondoka bila risiti huna cha kuwaonyesha, kama mimi. Siku hizi naenda na tepu yangu, nataka roli lifunguliwe barazani nikiwa nimesimama, risiti iandikwe mita na geji, ndipo natoa hela.