Elfu 15 watu wawili Dar: tulipokula tukashiba, na saa za kwenda

Bajeti yetu ni shilingi 15,000 kwa wote wawili, mimi na mume wangu, msosi pamoja na kinywaji, nauli hatuihesabu. Tunakaa Tabata kwa hiyo mizunguko yetu mingi ni Vingunguti, Kariakoo, Kisutu na Feri, Coco Beach tunaenda tukiwa na hamu ya upepo. Mimi ni wa Tanga, nimekulia kwenye nazi, mwenzangu Mchagga wa Marangu asipoona nyama anakuwa kama hajala, kwa hiyo sehemu tukiisifia wote wawili jueni kweli imetukuna, maana kwenye chakula mimi na yeye huwa hatukubaliani kirahisi.

Niseme mapema jambo moja maana ndo linaloamua kila kitu kwenye bajeti kama hii, chakula cha mtaani Dar kina saa zake. Sufuria ni lile lile, mpishi ni yule yule, bei haibadiliki, ila ukienda saa yake unakula kitu kitamu mpaka unashangaa, ukichelewa masaa mawili unapewa kilichopashwa moto. Watu wengi wanaosema mama ntilie hawajui kupika ukiwauliza walienda saa ngapi watakwambia saa tisa na nusu alasiri. Saa tisa na nusu yule mama anaosha vyombo jamani, ameamka saa kumi usiku.

Tuanze na supu. Vingunguti kwenye machinjio nyama inatoka asubuhi hiyo hiyo na vibanda vya supu vya maeneo yale havina haja ya nyama ya jana, ndo maana supu ya kule ni nyepesi, haina ile harufu ya nyama iliyolala. Sisi tunapenda kufika saa moja na nusu hivi, ikizidi sana saa tatu. Bakuli la supu ya nyama tulilipa 3,000, kongoro, yani supu ya miguu ya ng'ombe, 3,500, chapati 500 moja, chai ya rangi 500. Mume wangu ni mtu wa kongoro na hapo hataki mjadala, limechemka usiku kucha mpaka ule mshipa unakatika kwa kijiko, unakamulia ndimu, unatia chumvi kidogo na pilipili mbuzi, jasho linakutoka ukiwa umekaa. Mimi nachukua utumbo mchanganyiko nikiona umesafishwa vizuri, na hiyo unaijua kwa macho, utumbo mweupe mweupe wa kijivu ni sawa, ukiona weusi weusi kwenye mikunjo acha chukua nyama. Wawili tukala tukashiba kwa 9,500 na tukaongezewa supu bila kulipia, unasema tu "kaka naomba nyongeza ya supu" unaletewa, hii ni kawaida kabisa ya vibanda vya supu usione aibu kuomba. Kwa upande wa mazingira sio pa kwenda na nguo nyeupe, mabenchi yamebanana, inzi wapo hasa jua likianza kupanda, hiyo nayo ni sababu ya kuwahi.

Mchana ni Kariakoo na hapa ndo nina maneno mengi. Vibanda vya mama ntilie viko kwenye vichochoro vingi kule na siwezi kukuelekeza kimoja maana wanahama, leo yuko hapa kesho mgambo kapita. Naweza kukwambia unavyochagua. Kwanza angalia nani anakula. Ukikuta wabeba mizigo na madogo wa madukani wamejaa hapo kaa, wale wanakula hapo kila siku na hela yao wanaijua uchungu, hawapeleki sehemu mbovu. Pili angalia maji ya kunawa, kama kuna ndoo ya koki na sabuni imekaa hapo, huyo mama hata masufuria yake atakuwa anayajali. Tatu ndo mtihani wangu mimi kama mtu wa Tanga, angalia mfuniko wa sufuria la wali. Ukikuta una makaa juu yake basi wali umepaliwa, unaiva juu na chini, punje inasimama yenyewe na nazi inabaki ndani ya wali. Wali wa kuchemshwa tu na kuchuja maji mimi hata uwe 1,000 siutaki.

Tulimpata mama mmoja wa makamo hivi, kichochoro cha nyuma ya maduka ya vitambaa, saa sita na nusu mchana. Mume wangu akauliza "Shikamoo mama, wali upo?" akajibu "Marahaba baba, upo, samaki ndo wamebaki wawili, niwawekee kabla hawajachukuliwa?" Tukasema weka. Alipofunua lile sufuria ukatoka mvuke wenye harufu ya tui lenyewe, tui zito lililoingia mwishoni, sio lile la maji ya kwanza mpaka ya mwisho yaliyochanganywa pamoja. Akapakua kwa upawa, akakwangua na ukoko kidogo pembeni bila hata kuombwa, maharage ya nazi, tembele, kipande cha kibua kilichokaangwa kikarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya na ukwaju, alafu juu ya sahani kipande cha tikiti. Sahani 3,500. Juisi ya ubuyu glasi 500. Jumla 8,000 watu wawili. Mume wangu ambaye kawaida wali nazi anasema unamkinai alimaliza sahani, akaniangalia, akaomba wali mtupu wa buku. Yani kwa 9,000 tumekula chakula ambacho kwenye mahoteli ya kule posta ungelipia sahani moja tu tena labda wasikupe ukoko.

Ukienda na samaki hayupo chukua wali maharage na mboga, mara nyingi ni 2,000, na msiwe na wasiwasi mnaogopa mtaonekana hamna hela, pale nusu ya watu wanakula hivyo hivyo.

Ijumaa ni siku nyingine kabisa. Kisutu na Upanga baada ya swala biriani na pilau vinatoka, na biriani ya Pwani masala yake yanapikwa peke yake, wali peke yake, unawekewa masala juu ya wali sahanini, kwa hiyo unaona kabisa umepewa nyama kiasi gani. Sahani tuliyokula ilikuwa 7,000 kwa hiyo wawili ni 14,000 na maji tulikuja nayo. Ni kubwa lakini, mnaweza mkachukua moja mkaongeza sambusa. Nyama laini, kitunguu kimekaangwa mpaka kimekuwa rangi ya kahawa bila kuungua, kachumbari haina maji maji. Mimi naipa alama za juu, mwenzangu anasema pilau ya pale ni bora kuliko biriani na hapo tumeachana kila mtu na lake.

Feri. Hii sehemu watu wanaiogopa bure, wanasema kunanuka samaki. Ni soko la samaki ndugu zangu. Ukienda na mwenzio ambaye hamjawahi kufanya kitu kama hiki nakuhakikishia mtafurahi maana chakula mnakifuata hatua kwa hatua. Unanunua samaki mwenyewe, unampelekea anayeparua, alafu unampelekea mkaangaji kwenye yale makarai makubwa, mnasubiri mkiwa mmesimama mnaangalia. Siku tuliyoenda fungu la vibua lilikuwa 5,000, kuparua 1,000, kukaanga 2,000, ugali wa watu wawili 2,000, kachumbari na ndimu tukapewa. Elfu 10 na tukabeba vibua viwili nyumbani. Samaki aliyekaangwa hivyo ngozi inakatika kama biskuti na nyama ndani bado ina maji yake, ukichanganya na ugali wa moto na pilipili, mume wangu hakuongea.

Sasa Feri kuna vitu vya kujua. Bei ya samaki haina mwenyewe, inaenda na bahari. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa taa hawapati kitu usiku kwa sababu samaki hawaifuati taa, dagaa na vibua vinapungua na fungu linakuwa dogo. Kipindi cha upepo wa kusi nacho, hasa kuanzia kama mwezi wa 6, bahari inachafuka na mashua ndogo hazitoki sana. Kwa hiyo ukienda ukakuta bei imepanda usidhani umeibiwa. Cha pili mnunue asubuhi, macho ya samaki yawe yameng'aa na yametuna, ukibonyeza nyama irudi, mashavu ukiyafunua ndani pawe pekundu. Cha tatu mpatane bei ya kukaanga kabla samaki hajaingia kwenye mafuta. Akishaingia huna sauti. Na muangalie rangi ya mafuta, yakiwa meusi nenda karai linalofuata, wapo wengi.

Jioni kama mnataka kukaa, sio kula tu, nendeni Coco Beach. Kukaa ufukweni ni bure na mihogo ya Coco ina sifa yake tangu zamani. Mhogo umekaangwa, umepasuliwa katikati, unatiwa chumvi na pilipili na kachumbari, mwingine anakumwagia na rojo la ukwaju. Sahani 2,000, mishkaki 500 mmoja vile vidogo, dafu 2,000. Sahani mbili, mishkaki sita na madafu mawili vinaenda 11,000. Kiukweli mishkaki ya pale sio ya kusifia, nyama ngumu kidogo, mhogo ndo mwenyewe. Muulize kwanza kama mhogo ni wa leo, mhogo uliolala unakuwa na nyuzi nyuzi na hauivi hata ukaangwe mpaka kesho. Jumapili pamejaa sana, kama mnataka kuongea mambo yenu nendeni katikati ya wiki saa kumi na moja hivi, jua limepoa na mnapata meza.

Kuna sehemu moja iliyotuudhi, siitaji jina, mgahawa wenye kiyoyozi, nje wameandika wali kuku 6,000 kwa herufi kubwa. Tukaingia tukijua 12,000 na maji. Bili inakuja kachumbari imehesabiwa, chachandu imehesabiwa, na tuliposema tufungiwe kilichobaki kifungashio nacho kina bei. Elfu 17 na mia tano. Kuku mwenyewe mkavu, wali wa baridi katikati. Muuza chipsi wa mtaani anakupa kachumbari na pilipili mpaka useme basi, sasa mgahawa mzima unanihesabia nyanya vipande vitano? Hii tabia inazidi na inakera, kama kitu kina bei kiandikwe hapo nje pamoja na vingine.

Usiku ni zege, yani chipsi mayai. Tabata kuna vibanda vya chipsi kila kona na tofauti yao ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Wengi wanakaanga chipsi mapema wanaziweka kwenye kabati la kioo, ukija anazirusha kwenye mafuta dakika moja zinatoka na mafuta yote ndani. Kijana tunayemwendea sisi ukimwambia "mdogo wangu nikaangie mpya" hanuni, anamenya viazi hapo hapo, anakwambia subiri dakika kumi na tano. Alafu mayai anavunja mawili kwenye kikombe, anapiga na uma na chumvi, anamwaga nusu kwenye kikaango cha makaa, anatandaza chipsi, anamalizia yai juu, anakandamiza kingo kwa mwiko zisimwagike, na kugeuza anafunika sahani juu ya kikaango anapindua kwa mkono mmoja. Linatoka la mviringo, kingo zimekauka, katikati laini. Sh 3,500, na linatosha watu wawili kama mchana mlikula vizuri, mnaongeza mishkaki minne ya jero jero, kabichi na chachandu bure. Hela inabaki ya soda mbili na bado hamjafika elfu 10.

Wengi wa hawa niliowataja siku hizi wana lipa namba, unalipa kwa simu, ila mama wa Kariakoo na wakaangaji wa Feri beba keshi, tena hela ndogo ndogo, ukitoa noti ya elfu 10 saa moja asubuhi kwenye supu utasubiri chenji mpaka chapati ipoe.