Uzoefu wangu na Harmony Rocket kuukuu: shingo, daraja, halafu ndiyo umeme

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kazi hii: ukinunua gitaa la umeme la zamani lenye tumbo tupu, anza na mbao, umeme uuache mwisho. Langu ni Harmony Rocket la pikapu mbili (vifaa vya sumaku vinavyonasa mtetemo wa nyuzi), la miaka ya 1960, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Lilikuwa linavuma, linakwaruza kila ukigusa volyumu, na nyuzi zake zilikaa juu kiasi cha kuumiza vidole. Lakini kilichokuwa kinaharibu muziki wenyewe kilitokana na kiungo cha shingo, daraja (kipande cha mbao kinachobeba nyuzi juu ya tumbo) na gundi iliyoachia. Leo ndilo gitaa ninaloshika kwanza nikitaka kupiga.

Harmony ilikuwa kampuni ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1892 na kufungwa 1975. Kampuni ya maduka ya Sears iliinunua mwaka 1916, na magitaa yake mengi yaliuzwa kwa jina la Silvertone. Watu huyaita magitaa ya wanaojifunza, na kweli yalitengenezwa ili mtu wa kawaida aweze kuyanunua. Ila yasidharauliwe. Pikapu za Rocket zilitoka kwa DeArmond wa Toledo, Ohio, na zina sauti wazi yenye ukali kidogo kwa juu ambayo sijaisikia kwenye gitaa jipya la kiwango hiki. Tumbo lake ni jembamba na tupu kabisa, halina gogo la mbao katikati kama lile la gitaa la Gibson ES-335 lililotoka 1958. Utupu huo ndio utamu wake na ndio usumbufu wake pia.

Kabla ya kufungua chochote nilimulika ndani kwa tochi kupitia tundu la ubao wa juu lenye umbo la herufi f. Harmony nyingi zina muhuri ndani wenye herufi F au S ikifuatiwa na tarakimu mbili za mwaka. Baadaye, potenshiometa (vidhibiti vya volyumu na toni) zilipotoka, nazo nikazisoma: kwa za miaka hiyo, tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji (137 ni CTS, 304 ni Stackpole), kisha mwaka, kisha wiki. Muhuri na tarakimu hizo vikikaribiana, kuna uwezekano mkubwa kwamba umeme wake ni ule ule wa kiwandani. Kwangu vilikaribiana, na nilifurahi kwelikweli.

Sasa shingo. Kipimo chake ni rahisi: laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) mpaka ncha yake ifike kwenye daraja. Ikifika karibu na kilele cha daraja, pembe ya shingo ni nzuri. Kwangu ilifika chini kabisa, karibu na kitako. Nyuzi zilikuwa zimeivuta shingo mbele kwa miongo kadhaa, na kwenye kisigino chake, pale inapoungana na tumbo, kulikuwa na ufa ambao karatasi ilipenya bila taabu. Kushusha daraja hakukuwezekana tena, maana wenye gitaa waliotangulia walikuwa wamelishusha mpaka mwisho. Ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo nayo haitibu tatizo hili. Kazi yake ni kunyoosha mpindo wa shingo yenyewe, haigusi pembe inayoingilia kwenye tumbo. Naomba sana mtu asiikaze kwa nguvu akitarajia nyuzi zishuke. Ikikatika, gitaa limepata ugonjwa wa pili.

Kazi hiyo nilimpa fundi wa magitaa, nikaomba nikae pembeni nitazame. Aling'oa freti moja juu ya kiungo, akatoboa tundu dogo ndani ya mfereji wake hadi kwenye uwazi wa kiungo, akapenyeza mvuke kwa sindano nene. Gundi ya ngozi ya wanyama hulainika kwa joto na unyevu, ndiyo maana kiungo cha zamani hufunguka bila kuvunja mbao. Alikuwa akiisukuma shingo kwa kiganja, anasubiri, anasukuma tena. Ilianza kutikisika, kisha ikatoka yote, na harufu ya gundi ikajaa chumbani. Akanyoa kisigino upande wa chini, kidogo sana, anarudisha, anapima kwa rula, anatoa tena. Hapo ndipo utaalamu ulipo: ukinyoa upande mmoja zaidi ya mwingine, nyuzi zinakwenda kombo. Mwishoni alijaza nafasi zilizobaki kwa vipande vyembamba vya mbao na gundi ile ile ya ngozi, ili siku nyingine kiungo kiweze kufunguliwa tena. Kama una uwezo wa kulipia kazi moja tu, lipia hii.

Nyingine nilifanya mwenyewe. Ubao wa juu ulikuwa unakereketa kila uzi wa tano ukipigwa wazi. Niligonga ubao kwa kifundo cha kidole, nikisogea taratibu, mpaka nikafika mahali palipotoa mlio mkavu kama wa boksi tupu. Mhimili wa ndani ulikuwa umeachia ncha. Niliingiza gundi kwa kisu chembamba kupitia tundu la f na kuutegemeza kwa ndani hadi ukashika. Mkereketo ukaisha.

Daraja ndilo lililonipa furaha kubwa kuliko yote. Kwenye gitaa hili daraja halijagundishwa. Linasimama kwa mgandamizo wa nyuzi tu, na mtetemo wote wa nyuzi unapita kwenye miguu yake kuingia tumboni. Langu lilikuwa linagusa kwa pembe nne tu, katikati pakipitisha mwanga. Nilibandika msasa juu ya ubao, upande wa kukwaruza ukiangalia juu, mahali hasa daraja linapokaa, kisha nikasugua kitako cha daraja juu yake kufuata mwelekeo wa nyuzi. Unasugua, unageuza, unaangalia. Sehemu iliyokwisha gusa msasa inang'aa rangi mpya ya mbao, sehemu ambayo bado inabaki na weusi wa zamani. Nilianza na msasa mkali, nikamalizia na laini, mpaka hata karatasi ya sigara haikupita chini yake. Nilipofunga nyuzi na kupiga bila amplifaya, gitaa lilikuwa na sauti nzito na ndefu ambayo halikuwa nayo kabla. Hakuna pikapu mpya ingenipa badiliko hilo.

Baada ya hapo unalitafutia mahali pake. Piga mlio wa kengele juu ya freti ya 12 (uguse uzi tu bila kuubonyeza), kisha bonyeza freti hiyo hiyo na ulinganishe. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza daraja kuelekea mkiani, yaani kwenye kishikio cha nyuzi mwishoni mwa tumbo. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Nililinganisha uzi wa kwanza na wa sita, kila mmoja upande wake, kwa hiyo daraja limekaa mshazari kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu nyuzi nina msimamo. Daraja la mbao la zamani lilichongwa kwa ajili ya uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Ukiweka seti ya kisasa ambayo uzi wa tatu ni mtupu, uzi huo utapanda juu kila unapobonyeza, na hakuna kusogeza kutakakoutibu bila kuharibu mingine. Mimi natumia seti inayoanzia 11 (uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011), uzi wa tatu ukiwa wa kuzungushiwa, wa nikeli. Nyuzi za shaba za magitaa yasiyo ya umeme hazifai hapa, kwa sababu sumaku ya pikapu inahitaji chuma au nikeli, na nyuzi za shaba zitasikika hafifu bila uwiano. Nyembamba kuliko 11 nazo hazilikandamizi daraja vya kutosha, linatambaa ukipiga kwa nguvu.

Freti zilisawazishwa na kung'arishwa, mashine za kutyuni zikapata tone la mafuta. Shingo niliiachia mpindo mdogo wa takriban milimita 0.2 kwenye freti ya 7, na nyuzi kwenye freti ya 12 zimekaa milimita 2 upande wa besi na 1.6 upande wa uzi mwembamba. Kwa anayepiga kwa upole zinaweza kushuka zaidi.

Umeme ulikuja mwisho, na haukuhitaji mengi. Shida ni kwamba hakuna mlango wa nyuma: kila kitu kinatoka na kurudi kupitia tundu la f. Nilifunga kamba nyembamba imara kwenye kila potenshiometa kabla ya kuisukuma ndani, hivyo wakati wa kurudisha nikavuta kamba na kila kipande kikarudi tunduni kwake. Bila kamba hizo ni kazi ya kumtoa mtu roho. Mkwaruzo uliisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme. Jeki ilikuwa na lehemu iliyopasuka, nikailehemu upya. Mvumo ulikuwa unaongezeka nikishika nyuzi, ishara kwamba mkia haukuwa na waya wa athi. Nilipouunganisha, sehemu kubwa ya mvumo ikapotea. Uliobaki ni wa kawaida kwa pikapu za koili moja. Pikapu zenyewe nilizipima kwa mita, zote mbili zikasoma vizuri, sikuzigusa. Nawasihi wenye magitaa haya: msizing'oe mkaweka za kisasa kabla hamjazisikia kwenye gitaa lililosetiwa vizuri.

Kwa nani halifai? Kwa anayepiga kwa sauti kubwa sana yenye ngurumo. Ukikaa karibu na amplifaya na volyumu juu, tumbo linaanza kupiga yowe lenyewe. Sponji ndani ya matundu ya f inapunguza, kusimama pembeni ya spika kunapunguza zaidi, lakini haliishi kabisa. Kwa bluzi, jazi, rumba na kusindikiza uimbaji, sina la kulalamikia. Pikapu ya shingoni, toni ikipunguzwa nusu, inatoa besi ya duara inayokaa vizuri chini ya sauti ya mwimbaji, na ya darajani inakata bila kuchoma.

Kwa atakayelipata kama langu: usifungue nyuzi zote kwa pamoja. Mimi nabadilisha mmoja mmoja ili daraja lisitoke mahali pake, na kabla ya kuanza nabandika vipande viwili vidogo vya tepu ya karatasi kando ya miguu yake. Navitoa nikishamaliza kutyuni, maana gundi ya tepu ikikaa muda mrefu inadhuru vanishi ya zamani.