Mahamri na mbaazi nyuma ya soko la zamani Malindi: nyota nne, moja nimeikata sababu ya redio

Watu wa Malindi hiki kibanda mnakijua hata kama hamjui jina lake, manake hakina jina. Ni mabati, meza tano, jiko la kuni kwa nyuma, ukifika soko la zamani wewe fuata harufu ya iliki tu. Mi nala pale mwaka wa nne sasa na si kwa ajili ya chakula peke yake, japo chakula nitakifikia. Kazi yangu ni kesi za watoto, niko na shirika moja hapa mjini, na waliniandika hasa kwa sababu nasikia Kigiryama cha nyanya zangu, Kiswahili cha mtaani na Kizungu cha kwenye fomu. Sasa mtu wa kazi kama hii akiingia mkahawani haangalii sahani kwanza, anaangalia mlango uko wapi, mtoto akiketi atakuwa anatazamana na nani, na mwenye mkahawa ana mdomo kiasi gani.

Haya, chakula. Hamri ni 10 moja, limefura, ndani tupu, si yale ya kushika mafuta yakakuchirizika mpaka kiwiko. Mbaazi bakuli 50, anazilaza usiku na tui zito analitia mwisho kabisa ndo maana halikatiki. Chai ya tangawizi inakwaruza koo vile inavyotakikana. Mchana kuna sima na mchunga wa nazi, siku nyengine ng'onda, yaani samaki mkavu, na hapo ndo namvulia kofia Bi Mkubwa, mama mwenye kibanda, manake watoto nnaotoka nao Marafa ama Langobaya, huko ndani mbali na bahari, ukiwawekea mahamri wanayatazama tu kama mapambo, ikija sima wanasogeza kiti wenyewe.

Siku ya kortini ni ndefu wajameni. Mtoto ametoka kwao alfajiri, matatu imejaa, tumefika saa mbili, kesi yaweza kuitwa saa tano ama ikaahirishwa, na mara nyingi hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Mara ya kwanza nilipoingia pale na kijana mdogo, Bi Mkubwa alimtazama mara moja, akamwekea sahani mbele kabla sijaagiza, akarudi jikoni. Hakuuliza huyu ni nani wako. Sisi watu wa pwani tunajijua, salamu haijaisha ushaulizwa mwana wa nani, kwao wapi, mamake yuko wapi. Kwa watoto wangu hilo swali ndo kesi yenyewe.

Kesi haiongelewi pale, hiyo ni sheria yangu na siivunji. Lakini mtoto hachagui pa kuongelea kwa ratiba yako. Kuna msichana wa kama miaka saba (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane), ofisini tuna chumba kizuri cha watoto, kuna midoli, kuna sungura amechorwa ukutani, alikaa humo siku tatu hakutoa neno. Tukaja kula. Bi Mkubwa alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi huku akibishana na msaidizi wake kwa Kigiryama, na yule mtoto akawa anautazama ule mbuzi, mara akaanza kusema peke yake, kwamba hawe wake, yaani nyanyake, anao kama huo, na kwamba dzana mama alimtupia yeye mtoto huo mbuzi.

Mi nikaacha kutafuna. Dzana ni jana, ndivyo ungeandika ukiwa na haraka. Lakini mtoto wa umri ule akisema dzana aweza kuwa na maana ya siku yoyote iliyopita, na ukimuuliza "lini?" atakupa jibu la kukufurahisha tu, watoto wana adabu. Nikamuuliza siku hiyo mlikuwa mwapika nini. Akasema mahindi mabichi. Tulikuwa mwezi wa kumi na moja, msimu wa mahindi mabichi ushapita kitambo! Kisha hilo la mama, mtoto alisema mama tangu mwanzo hadi mwisho na kumbe ni mama mdogo, dada wa mamake, ndiye alokuwa akimlea. Kwa Kiswahili na kwa Kigiryama hapo hakuna tatizo, wote mama. Ila fomu yangu ni ya Kizungu na ina kisanduku kimoja tu cha mama, nikijaza vibaya yule asiyekosa ndo analaumiwa, na mtoto anarudishwa nyumba ile ile.

Kwa hivyo nilipomrudisha ofisini nikarudi pale kwenye meza ya kona, nikaandika maneno yake vile alivyoyasema, kwa Kigiryama, chini yake Kiswahili, chini yake Kizungu. Mistari mitatu kwa kila sentensi. Wenzangu wananicheka ati napoteza wino. Sheria ya Watoto ya 2022, hii ilokuja badala ya ile ya 2001, yataka mtoto asikizwe kulingana na umri wake, sawa, lakini mambo yakitafsiriwa mara mbili njiani kabla ya kumfikia hakimu, hakimu atakuwa amenisikiza mimi. Na siku hizi serikali ina mpango wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto wakalelewe kwa jamaa zao, kwa hivyo kujua mama yupi ni yupi ndo kazi yenyewe.

Sasa nyota ilokatwa. Redio. Inawashwa asubuhi hadi jioni na sauti iko juu, mara matangazo ya mazishi, mara mpira, na watoto hawa wengi wanaongea chini chini ukiinama ndo usikie. Nimeomba ipunguzwe, inapunguzwa, kesho iko pale pale.

Na kuna siku yule kijana anayebeba chai alimtambua mtoto nilokuwa naye akapaza sauti mbele ya watu, "We si ndo yule wa...", hakumaliza, Bi Mkubwa alipiga meza na mwiko. Mi nilimchukua mtoto tukatoka na sahani haijaisha, nikakaa wiki mbili sipiti hata hiyo njia. Nilipopita tena nikakuta ile meza ya kona imezungushiwa leso mbili kuukuu kwenye kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo mamangu." "Marahaba mwanangu, chai?" Basi. La leso halikuzungumzwa mpaka leo, na kijana siku hizi anaweka chai anaondoka.

Risiti sahauni, anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Mhasibu wetu anataka ya eTIMS, ile risiti ya kielektroniki ya watu wa ushuru, kwa hivyo haya mahamri yote ya miaka minne ni pesa zangu mwenyewe.

Ukutani, pembeni ya namba ya kulipia, ameandika 116 kwa makaa. Wageni wanadhani ni ya kuagizia chakula. Ni ile simu ya kuripoti mtoto anayeteswa, ya bure, mchana na usiku, nilimpa siku moja nikidhani ataihifadhi kwenye simu yake akaipandisha ukutani.

Wahini kabla ya saa nne, mbaazi huisha. Ijumaa mchana anafunga kibanda. Na mkikuta meza nyengine ziko wazi, ile ya leso niachieni.